Nimefuta Kichina Chote

Leo nimejidhalilisha mbele ya cherehani ishirini na mbili. Nawaandikia mwenyewe kabla Shabani hajawaandikia, maana yeye ataongeza chumvi.

Mnajua niko Guangzhou, China, tangu mwezi uliopita kwa ajili ya traksuti za shule. Shule nne za Mbeya zinanisubiri, zinafunguliwa Julai, na baridi ya Julai ya kwetu mnaijua. Katoni arobaini na saba zilishafika bandarini Huangpu. Kilichobaki ni kumpa Shabani, wakala wetu wa mizigo, orodha ya kilichomo katika kila katoni kabla ya saa kumi jioni leo. Bila orodha, hazipandi meli. Na meli inayofuata ingefika watoto wameshatetemeka vya kutosha.

Orodha ilikuwa kwenye laptop yangu. Niliiandaa wiki nzima na laoban, yaani bosi, wa karakana ya kushona kule mtaa wa Kangle. Yeye anaandika Kichina, mimi naitikia kwa kichwa kama naelewa. Mafaili yote aliyapa majina ya Kichina.

Saa tatu asubuhi nafungua barua pepe. Imetoka kwa katibu wa kwaya yetu nyumbani, mama mstaarabu, hajawahi kudanganya mtu. Herufi kubwa tupu: "ONYO. KIRUSI KIPYA KINAJIFICHA KWENYE MAFAILI YENYE HERUFI ZA KICHINA. ANTIVIRUSI HAIKIONI. WATAALAMU WAMETHIBITISHA. FUTA YOTE, SAFISHA NA PIPA LA TAKA, KISHA WATUMIE WATU WOTE UNAOWAFAHAMU."

Nikatafuta. Yamejaa kila mahali. (Laptop niliinunua hapahapa Guangzhou. Sijui nilitegemea kukuta Kinyakyusa.) Nikafuta moja baada ya jingine, namshukuru Mungu kwa kuniwahi. Nikasafisha pipa. Nikawatumia watu wote, na juu yake nikaongeza: "NIMEHAKIKISHA MWENYEWE. NI KWELI."

Kisha nikanywa chai kwa amani.

Shabani akapiga simu. "Dada Tumaini, nimeona barua yako. Hao wataalamu wana majina?"

"Hawakutajwa."

"Kirusi chenyewe kinaitwaje?"

"Hakijatajwa."

"Hiyo barua imekufanya ufute vitu vyako, halafu ikakutuma uisambaze. Sasa dada, kirusi ni kipi hapo?" Nikaweka kikombe chini. "Haya, tuyaache. Nitumie orodha."

Hapo ndipo nilipokumbuka orodha iliandikwa kwa lugha gani.

Nilifika Kangle jasho linanitiririka, laptop nimeikumbatia kifuani. Laoban ni mama wa makamo, mfupi, hacheki ovyo. Tunaongea kwa simu inayotafsiri. Nikamweleza yote, nikamuuliza kama ana nakala.

"Mei you," akasema. Hakuna. Neno hilo huwa naambiwa sokoni kila siku, lakini leo nilimwomba alirudie.

Akanionyesha kiganja, nisubiri. Akafungua barua pepe kwenye simu yake. Ilikuwa ile yangu. (Si niliambiwa watu wote ninaowafahamu?) Akaiamuru simu itafsiri na kusoma kwa sauti. Sikuelewa hata neno moja, ila nilisikia cherehani zikinyamaza, moja moja, mpaka ya mwisho.

Laoban akaitazama kalenda ukutani. Akalitazama kopo la majani ya chai. Akaitazama aproni yake, iliyoandikwa Kichina kifuani. Kisha akaisemesha simu, nayo ikanigeukia kwa Kiswahili safi: "Na mimi unifute?"

Fundi mmoja alilalia meza ya kukatia kwa kicheko. Nilitamani kungekuwa na katoni ya arobaini na nane, niingie, waigundishe.

Jamani, kilichofuata bado kinanishangaza. Nyuma ya mlango kuna kamba yenye vipande vya vitambaa. Siku zote nilidhani ni matambara. (Wiki iliyopita nilijifutia jasho kimojawapo. Cha bluu.) Laoban akaishusha. Kumbe kila katoni ikifungwa, yeye hukata kipande cha kitambaa cha traksuti zilizomo, huandika kwa kalamu namba, saizi na idadi, halafu hukitunga kwenye kamba. Vipande arobaini na saba, kwa mpangilio. Alikuwa anavipapasa na kutaja shule kabla hata hajasoma. Mimi naandika, macho yamenitoka. Sijawahi kumheshimu mtu namna ile.

Tulipofika cha thelathini na moja, wino ulikuwa umefutika. Cha bluu. Akakinusa, akanitazama, nikatazama chini. Halafu akafumba macho na kuitaja katoni nzima kwa kichwa, saizi kwa saizi.

Saa tisa na nusu Shabani akajibu: "Imefika. Katoni zinapanda meli."

Nimeshawaandikia wote kwamba onyo ni la uongo na msifute kitu. Katibu wa kwaya kanijibu: "Asante mwanangu. Mimi sikuwa na faili la Kichina, nikafuta nyimbo za Pasaka kwa usalama."

Nilipoaga, laoban alikata kipande cha traksuti, akaandika herufi mbili tatu, akanibandikia kwenye kifuniko cha laptop. Nimekipiga picha, nikamtumia Shabani anisomee. Kimeandikwa: "Usifute."

Mnaotaka kucheka, chekeni. Ila wengine wakifungua laptop asubuhi wanakuta barua pepe. Mimi kuanzia kesho nitakuta kwanza agizo la laoban.