Majina Kwenye Makasia

Jumatatu, 6 Oktoba
Hakuna mutu Gisenyi ananishinda kuimba. Nikiimba mi Gad, samaki sambaza wanajipanga wenyewe kwenye wavu. Shule niliiacha darasa la tano, sasa yenyewe inanifuata! Madame Pascasie, direktrisi wa shule, ameomba ushirika wa wavuvi umpe mwalimu wa klabu ya jioni, afundishe watoto nyimbo za kupiga kasia. Wavuvi wanalala mchana. Nimebaki mi. Papa Juvénal, mukubwa wa ushirika, kaniambia Ijumaa wazazi watachagua klabu moja ibaki. Wakichagua yangu, napata nafasi mtumbwini. La sivyo, narudi kubeba makreti ya samaki.
Mpinzani: Rugwiro wa hotelini. Anafundisha kuchora. Viatu vyeupe. Bon.

Jumanne, 7 Oktoba
Wimbo uko hivi: kiongozi anaita jina la mpiga kasia, mwenyewe anaitika "Eee." Nikaita majina ya watoto. Rugwiro akasema hata mwalimu wa darasa anafanya hivyo kila asubuhi, tena bila kukohoa. Donc nahitaji majina ya wavuvi wa kweli.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeyapata! Stoo ya ushirika iko na makasia saba ukutani, kila moja limechomwa jina kwa chuma cha moto. Nimenakili yote. La mwisho, Protais. Nikachoma na jina langu kwenye kasia jingine, nikalitundika la nane. Limependeza sana.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mazoezi ufukweni, saa kumi. Ukungu mzito. Watoto wakaita jina la kwanza, "Kimenyi!" Ziwani kukaitika: "Eee." Nikasema mwangwi. Ila mwangwi ungerudisha jina.
Walipoita Protais, Nyiraneza wa darasa la nne alitabasamu, akasema hiyo ni sauti ya baba yake. Nikamwambia vizuri, kesho amulete.

Ijumaa, 10 Oktoba
Wazazi tele. Tuliita saba, saba wakaitika, kila mmoja karibu zaidi na ufukwe. Wanaume wakavua kofia. Mama Nyiraneza akakaa mchangani. Papa Juvénal akanishika mkono.
"We Gad, hayo ni makasia ya wale ziwa liliwachukua. Majina yao hatuyaimbi."
Rugwiro kakimbia, kaacha kiatu kimoja. Kura ikapigwa. Mama Nyiraneza alinyoosha mkono wa kwanza, kwangu. Wengine wakafuata.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nafasi nimepata! Tunatoka leo jioni. Papa Juvénal kanisihi nishushe kasia langu ukutani kabla ya kupanda. Nimekataa, wivu tu huo. Nikirudi nitachoma jina kubwa zaidi.
Kitu kimoja tu kiliharibika jana, na sijamwambia mutu. Watoto waliita na la nane: "Gad!" Kabla sijafungua mdomo, nilishaitika. Kule ziwani.