Gari Lisilokunywa Petroli

Jumatatu, 16 Juni

Bi Mwanaima, mwenye zile teksi mbili tunazoendesha mimi na Kyalo, ametuita kwake Port Reitz. Amenunua gari jipya. Ametupatia masharti: matangi yamejazwa pomoni leo, na Jumamosi ambaye gari lake litakuwa limekunywa petroli kidogo ndiye atakayekabidhiwa jipya. Nikaitikia naam kwa adabu, moyoni nacheka. Kyalo! Mtu anayeendesha utadhani amebeba trei ya mayai! Tena huweka ndimu mbele ya usukani, eti ya abiria wanaochafukwa na moyo. Gari ni langu. Nimeshamwambia mke wangu Intisar kwamba Jumapili ataingia nalo kwenye harusi ya dada yake, Likoni. Naye ameshawaambia shangazi zake wote!

Jumanne, 17 Juni

Uzito ndio adui. Nimetoa jeki, mazulia na tairi ya akiba, nikavisukuma chini ya kitanda. Gari likawa jepesi! Mchana nikapakia abiria uwanja wa ndege, Mama Milcah, katoka kwao Kisumu na ndoo ya samaki. Kufika Magongo, pancha. Mama Milcah akasema samaki wakioza nitawala mimi, na ndoo juu. Kyalo akapita, akaniazima jeki na tairi yake ya akiba. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi. Akaniambia hata magurudumu yangu mengine hayana upepo wa kutosha, na tairi laini hunywa petroli. Nikamwambia ahsante. Wivu tu.

Jioni nimeirudisha tairi ya akiba garini. Intisar alitaka pa kufagia.

Alhamisi, 19 Juni

Nimesikia ukilifuata lori kwa karibu linakukatia upepo, nawe huendi ila kuteleza. Leo nikalipata moja Changamwe, refu, zuri. Nikaliganda mkiani. Raha! Sikuona kibao, sikuona njia panda, niliona mkia wa lori tu. Liliposimama, nikajikuta kwenye foleni ya malori ya mafuta, mbele lori, nyuma lori. Sikuzima injini, maana nasikia kuwasha upya ndiko kunakokula petroli. Tukanguruma pale hadi alasiri. Mzee niliyekuwa nampeleka uwanja wa ndege alishuka, akapanda bodaboda na begi lake mapajani. Hata hakuniaga.

Ijumaa, 20 Juni

Nimepata jibu! Gari lisilokwenda halinywi. Nimeliegesha chini ya mwarobaini, nikaenda kuswali, nikarudi, nikalala kiti cha nyuma. Kyalo akapita na abiria mara kadhaa. Maskini, anajimaliza.

Jumamosi, 21 Juni

Tumejaza matangi. Langu limekunywa kidogo kuliko la Kyalo! Nikaruka. Bi Mwanaima akainama kutazama gari limekwenda umbali gani, akaniuliza jana nilimpakia nani. Nikasema nilikwenda kuswali. Akaniambia, mwanangu Talha, hata kabati langu la vyombo halinywi petroli.

Funguo akapewa Kyalo. Bi Mwanaima alipomuuliza siri yake, akajibu kwamba hukanyaga mafuta taratibu, huachilia mapema akiona mbele pamefunga, huzima injini anapongoja, na hupima upepo wa magurudumu kila wiki. Kila mtu anayajua hayo. Mjanja yule, kuna kitu anaficha.

Jumapili, 22 Juni

Intisar na shangazi zake wamekwenda harusini na gari jipya. Dereva, Kyalo. Intisar hakunilaumu, alitengeneza buibui lake tu na kutazama mbele. Imeniuma, wallahi. Bora angenigombeza.

Ndipo gari lilipogeuza, nikaona. Mbele ya usukani. Ndimu!

Nimekwenda sokoni mbio. Kyalo anatumia moja, mimi nimenunua gunia zima. Halikuenea kwenye buti, lakini nimepata njia. Nimetoa tairi ya akiba.