Hereni za Ayuma Zilizotoka Mdomoni mwa Kamera

Jumanne, 4 Februari 2025

Nimepata kamera. Si hizi za harusi. Kamera yenyewe ya sinema, nzito kama jiko la makaa. Nalianya, anayekodisha vifaa hapa Umoja, ameniachia mpaka Jumatatu kwa sababu nilimsaidia kuhamisha kabati. Jumamosi nairekodi kwaya ya kanisa letu. Mwimbishaji ni Ayuma. Miaka miwili nimemsalimia Ayuma kila Jumapili, naye hunijua kama "yule wa nyaya", kwa kuwa mimi ndiye ninayetandika nyaya za maikrofoni. Baada ya Jumamosi atanijua kwa jina.

Ndirangu, ambaye siku zote huirekodi kwaya kwa simu, ameuliza kama najua kuitumia. Nimecheka kwa dharau. Sijui kuitumia.

Jumatano, 5 Februari

Tatizo dogo. Lenzi yangu, niliyoinunua mtumba, haiingii. Kamera imefungwa mdomo mpana, yaani pale lenzi inaposhikia, wa zile lenzi kubwa za filamu. Nalianya alinipa mdomo mwingine kwenye mfuko, unaofaa lenzi yangu, akanikanya nisiuguse. Nimpelekee Ijumaa, abadilishe mwenyewe. Nikasema sawa. Lakini ni skrubu sita tu, na mimi nimewahi kufungua pasi, redio, na mlango wa choo cha ploti.

Saa nne asubuhi nimemaliza. Chini ya mdomo wa zamani kulikuwa na viduara viwili vya bati jembamba, rangi ya dhahabu, vyenye vitundu pembeni. Nimevitoa. Mdomo mpya umekaa vizuri bila hivyo. Waliotengeneza walizidisha tu. Fundi akifunga redio na kusiwe na kitu kilichobaki mezani, huyo hata hakuifungua.

Nimevitazama juani. Vinang'aa. Vitundu viko tayari. Wewe Luseno, akili unayo.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeenda kwa Qamar, anayeuza mapambo ya wanawake, akanipa kulabu mbili za hereni. Nimevitundika viduara humo, nikampa Ayuma baada ya mazoezi. Ameuliza nimezitoa wapi. Nikasema zimetoka nje ya nchi, na huo si uongo. Amezivaa hapo hapo. Amesema ni nyepesi, hazichoshi sikio, na kesho atarekodiwa nazo.

Nimetembea mpaka Mowlem na kurudi bila sababu yoyote.

Jumamosi, 8 Februari

Kazi imefanyika kwenye kiwanja nyuma ya kanisa. Nilikuja na tepu ya fundi wa nguo. Nikapima kutoka kamera hadi pua ya Ayuma mbele ya watu wote. Mita tatu. Nikazungusha lenzi mpaka kwenye tatu. Ndirangu akasema nitazame kwanza kwenye kioo cha kamera nione kama sura imetulia. Nikamjibu kwamba wa simu hutazama, wa sinema hupima. Na kwa kweli jua lilikuwa kali, sikuona chochote kwenye kioo.

Saa kumi tumeangalia kwa mwenyekiti wa kwaya, Mzee Wahome. Kwaya nzima sebuleni, chai mkononi. Ole wangu. Ayuma ni ukungu. Sauti ya nne ni ukungu. Lakini nyuma yao, kwenye ghorofa jirani anakoishi Mzee Wahome, kamba ya nguo inaonekana uzi kwa uzi. Na kwenye hiyo kamba, kaptura yake ya ndani, yenye kiraka cha kijani. Dakika nne na nusu. Mama Wahome amesema kamera ni nzuri sana, hata mshono wake ameutambua.

Mzee hakucheka. Amesema kesho baada ya ibada tunarudia mara moja tu, na kaptura ikitokea tena nirudi kwenye nyaya na nisisogelee kwaya.

Nimempigia Nalianya. Ameuliza jambo moja: viduara viko wapi? Kumbe ndivyo vinavyoiweka lenzi umbali unaofaa. Bila hivyo unaiambia kamera mita tatu, yenyewe inatazama ng'ambo kwa majirani. Nikamwambia viko mahali salama.

Viko masikioni.

Jumapili, 9 Februari

Niliandaa uongo wa aina tatu. Nikamwambia Ayuma nataka kuzisafisha hereni. Akasema amezisafisha. Nikamwambia huenda zikamwasha. Akasema haziwashi. Wa tatu nikausahau. Basi nikasema ukweli, haraka haraka, nikitazama viatu vyangu. Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo.

Amezivua moja moja, akaniwekea kiganjani. Akasema, Luseno, mimi nikipewa kitu napenda kiwe changu, kisiwe kitu ambacho mwenyewe atakuja kukidai. Amesema Luseno. Nilishindwa hata kufurahi.

Nalianya amekuja na bisibisi yake. Amevinyoosha viduara akinung'unika kwa Kibukusu, akavirudisha. Ndirangu ndiye aliyerekodi, jicho kwenye kioo. Mimi nilimshikia mwavuli.

Jumatano, 12 Februari

Video imetoka. Safi kabisa. Kila uso unaonekana, na masikio ya Ayuma yako matupu. Nimeitazama mara tano, na kila mara naangalia hayo masikio tu. Roho inaniuma.

Nimejifunza. Sitagusa kamera ya mtu tena maishani. Naapa.

Mzee Wahome amenipa projekta ya kanisa niipanguse vumbi. Ndani, nyuma ya lenzi, naona pete ndogo ya dhahabu, ukubwa wa kidole cha mwanamke. Sioni inafanya kazi gani. Projekta yenyewe haitumiki mpaka Pasaka, kwa hivyo hakuna atakayekuja kuidai, na Ayuma alisema hilo ndilo analotaka.

Skrubu tatu tu.