Tepe Mbili za Kwari ya Kayole

Penye wawili wanaogombania njia hakosekani wa tatu wa kuwauzia. Jumapili ile, kwenye kwari kuukuu, machimbo ya mawe yaliyoachwa nyuma ya Kayole, wa tatu alikuwa Mulongo.

Alikaa juu ya jiwe akitafuna muwa ambao hakuununua. Chini yake kijia kilijipinda kama utumbo wa mbuzi, na baiskeli zilijaa humo kama kumbikumbi. Mafundi, wakiongozwa na Nuradin, walivaa helmeti na kushuka kwa kasi ya habari mbaya. Wanagenzi, waliojifunza juzi, walisimama katikati ya njia kupiga picha, au walianguka hapo hapo wakakaa kitako kuyafikiria maisha. Matusi yalizidi vumbi.

Mulongo akasikia yale matusi, akaona ugali uliokosa mlaji. Alikuwa amechoka kukimbizwa na watu. Avune hapa mara moja tu, afungue duka lake la kinyozi kule Mowlem, azeeke kwa heshima.

Jumapili iliyofuata akaja na jaketi la kung'aa, filimbi shingoni, na mfuko uliojaa tepe. Kwa wanagenzi aliuza nyekundu: ukiufunga mmoja kwenye usukani, fundi yeyote lazima akupishe. Kwa mafundi, upande wa pili wa kwari, aliuza za buluu: mwanagenzi akiuona, anaingia majanini mwenyewe. Nuradin peke yake ndiye aliyeuliza sheria hiyo ilitoka wapi.

"Boss, sheria haitoki," Mulongo alimjibu kwa upole. "Sheria huingia." Akapuliza filimbi. Nuradin akatoa pesa.

Mlangoni mwa kwari alikaa Mbithe, bibi kizee wa kukodisha baiskeli, shosho wa kila mtu. Mila yake ilijulikana mpaka Mukuru: hupati baiskeli bila kuacha rehani, na rehani ni kiatu kimoja, kwa kuwa mwizi wa kuchechemea hafiki mbali. Baiskeli ikirudi imevunjika, kiatu kinabaki. Basi kando yake palikuwa na safu ya viatu vya upande mmoja, kama waumini waliofiwa na wake zao. Alipomwona Mulongo akiuza tepe na kufundisha watu kupanda huku yeye akitembea kwa miguu tu, akamwita.

"Kitendawili."

"Tega, shosho."

"Farasi wangu akikimbia yu wima, akisimama huanguka."

"Mlevi."

Mbithe akacheka hadi leso ikamtoka kichwani. Watoto wa kwari hukitegua hicho kabla hajamaliza kukitega. Akadai mji, Mulongo akampa Kisumu, wala hakungoja aende arudi. Kazi ilikuwa nyingi.

Saa hiyo hiyo, kwenye kona nyembamba, Nuradin alikuwa akishuka na Wacera akipanda. Wacera alikuwa mwanagenzi wa wiki moja, usukani ukimtetemeka kama mbuzi wa sadaka, lakini hakupisha.

"Toka njiani, siste. Nina utepe."

"Hata mimi ninao. Tena wangu ni mwekundu."

Wakatazamana tepe. Nyuma ya kila mmoja msururu ulikuwa unarefuka. Kisha, polepole, wote wakageuka kulitazama lile jaketi.

Mulongo alikuwa ameshafika kwa Mbithe, mfuko kwapani, sasa umejaa pesa za tepe. "Shosho, nipe baiskeli, haraka."

"Rehani, mjukuu wangu."

Akavua kiatu. Mbithe akakigeuza, akachungulia kidole chake kupitia tundu la soli, akamrudishia. Kwa baiskeli ya mlima, alisema, angetaka kitu kizito kidogo. Vishindo vya watu vilikuwa vinakaribia. Mulongo akautoa mfuko, na Mbithe akauweka kwenye safu, katikati ya gambuti na ndara.

Mulongo akapanda kwa heshima zote za mwalimu. Mteremko ukamchukua. Kweli alikuwa wima, wima kabisa, mpaka kwenye dimbwi la maji kule chini.

Alipotoka humo, gurudumu la mbele lilikuwa limekunjika kama chapati, na watu wamemzunguka. Akaisukuma baiskeli hadi kwa Mbithe, akanyoosha mkono apewe mfuko wake; Mbithe akamwonyesha gurudumu. Hakuna aliyemtetea. Wengi wao walishawahi kurudi nyumbani na kiatu kimoja.

Mbithe akatoa hukumu: anayepanda apishwe, anayeshuka angoje, na picha zipigwe nje ya njia. Kisha akawanunulia wote chai na mandazi kutoka mfukoni mle. Kilichobaki baada ya chai hakuna aliyekiulizia. Mtu mwenye andazi mdomoni huuliza nini? Wala hakuna aliyeulizia breki za ile baiskeli, ambazo, tuambizane ukweli, zilikufa tangu Pasaka.

Mulongo alisimama pale, anatiririka maji, kiatu kimoja bado mkononi.

"Shosho, Kisumu ulienda?"

"Nilienda, nikala samaki, nikarudi."

"Basi niambie jibu."

Mbithe akamsogezea kikombe cha chai. "Jibu? Si umelisukuma mwenyewe mpaka hapa."