Gesi ya Besi

Jana kijiweni kwa Mama Jesse, hapa Maisaka, Babati, kahawa ilipoa vikombeni watu wakibishana kuhusu tumbo. Chanzo ni redio. Daktari kasema mwenye gesi tumboni apunguze maharage, kabichi, vitunguu, soda, na wengine hata maziwa.

"Huyo hajawahi kufika Babati!" akafoka Mzee Herieli, tunayemwita Spika kwa sababu haongei mtu mpaka yeye amalize. "Ukiondoa maharage, mbaazi na maziwa, si tutabaki tunakula upepo?"

"Na upepo ndiyo gesi yenyewe, mzee," akadakia Dokta, yaani Marcelino, muuza dawa za mifugo. "Ng'ombe akivimba tumbo dawa ninayo. Nimpe Besi?"

Tukamgeukia Besi. Huyu ni Sosthenes, sauti nzito ya kwaya, na tumbo lake nalo linaimba. Leo ndiyo siku yake ya kwenda Dareda kujitambulisha kwa kina Edda, mchumba wake, na tangu Jumatatu alikuwa hajagusa makande. Nilimhurumia kweli, ila kicheko nacho kilinishinda.

"Chekeni tu," akasema Besi. "Mnakumbuka ile sala ya kimya, mchungaji akasema amina kabla ya wakati? Hayo yakitokea ukweni, mke sina."

"Na wakikuwekea makande?" Mama Jesse akauliza, mwiko mkononi. "Ukikataa chakula chao, umemkataa binti yao."

"Nikila, binti atanikataa mimi!"

"Kula taratibu, soda usiguse," akasema Dokta. "Na ukae karibu na mlango."

"Mshenga si mimi?" Spika akajipiga kifua. "Ukinikonyeza tu, nakohoa."

"Mzee, utakohoa mpaka jioni."

Simu ya Besi ikalia. Akaruka. "Shangazi yake Edda! Nyamazeni!" Simu yenyewe mbovu, haisikiki bila kuweka sauti ya nje, kwa hiyo sote tukasikia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Wazee wamenituma nikuulize jambo moja kabla hamjaja. Usinifiche. Una gesi?"

Besi akatukazia macho, akidhani tumemchongea.

"Nani kakwambia, shangazi?"

"Mpaka niambiwe? Kijana wa mjini siku hizi ataikosaje?"

"Nilikuwa nayo," akasema kwa unyonge. "Ila tangu Jumatatu nimeacha maharage, naona inapungua."

"Sosthenes," shangazi akasema polepole, "nauliza mtungi. Wa kupikia. Edda hauwezi moshi wa kuni, kifua kinambana."

Besi akafumba macho. Hapo hakuna aliyecheka. Spika akamnyang'anya simu.

"Shangazi, ni mimi mshenga. Mitungi anayo miwili. Mmoja ndio unaovuja!"

Huko Dareda vikalipuka vicheko, na kimoja cha kike kikavipita vyote.

"Mwambieni aje," akasema Edda mwenyewe, akihema. "Huo unaovuja tutaufungulia madirisha."

Mama Jesse akajifuta machozi kwa khanga. "Umepata mke, mjinga wewe."

Besi akairudisha simu mfukoni, akavuta benchi karibu na sufuria, uso unang'aa.

"Mama Jesse, nipakulie makande. Sahani kubwa."

Hapo ndipo kijiwe kilipotawanyika. Spika, mwenye mguu mbovu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuka barabara.