Visanduku vya Kijivu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Zimebaki siku kumi na nne. Mtihani wa Elimu ya Udongo, mara ya tatu. Mara ya kwanza niliangushwa na uzembe, nakiri. Mara ya pili niliangushwa na kelele za watu. Leo mwalimu wa udongo ameniita ofisini akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba chuo chetu cha kilimo hakina mara ya nne. Nikianguka narudisha kitambulisho, na mahafali ya Novemba nitayasikia kwa watu.

Mimi ningevumilia. Shida ni baba. Daktari wa macho ameshamwambia kwamba presha ya macho imekula pembeni kote, kilichobaki ni katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Baba alimwuliza daktari swali moja. Novemba atakuwa bado anaona? Daktari akasema huenda. Baba akarudi nyumbani na hiyo huenda yake, akaitunza. Anataka kuniona nimevaa joho. Ninaogopa. Nimeliandika neno hilo mara moja, silirudii.

Hata hivyo kiini cha tatizo langu nimekipata. Si akili. Ni mpangilio! Nimekaa na karatasi ya manila, rula na kalamu za rangi saba tangu asubuhi hadi jua kuzama. Zambarau: kusoma kwa kina. Njano: kurudia. Kijani: mazoezi. Bluu: kupumzika. Nyekundu: kujitathmini. Chungwa: mengineyo. Waridi: akiba, kama zambarau itazidi. Kila saa na kisanduku chake cha kutia alama ya vema. Ratiba imebandikwa ukutani. Kitabu hakijafunguliwa, lakini msingi umewekwa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Simu ndiyo adui. Nimeikabidhi kwa dada, ambaye ni fundi cherehani na meza yake ya kazi iko sebuleni, yenye droo ya kufunga kwa ufunguo. Nimemwambia asinipe hata nikilia. Akasema kilio changu amekizoea tangu nina miaka miwili.

Saa tatu asubuhi nikaenda kumwuliza ni saa ngapi. Saa tatu na robo, kama kuna aliyepiga. Saa tatu na nusu, kama chaji inatosha. Dada akaacha kukanyaga cherehani. Akasema droo ile ni pana, na kama naona vyema anifungie mimi humo, simu ikae mezani isome.

Kebehi. Nimeinakili kwa sababu mtu makini hutunza kumbukumbu za wapinzani wake. Zambarau leo: sifuri. Simu sijaigusa siku nzima, isipokuwa mara mbili.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nyumbani hapasomeki. Nimehamia maktaba ya chuo. Kule kuna kiti kimoja tu cha maana, cha dirishani, na kiti hicho amekigeuza mali yake mwanafunzi mwenzangu tunayemwita Kamusi. Jina hilo alipewa kwa sababu hujibu kabla hujamaliza kuuliza. Naye anafanya mtihani huu, ila kwa mara ya kwanza, kwa kuwa muhula uliopita aliumwa. Jambo hilo hulieleza kwa kila anayemsalimu.

Nikala njama. Saa moja asubuhi, mlango ulipofunguliwa tu, nikatundika sweta langu kwenye kiti cha dirishani. Pale chuoni sweta kitini ni sawa na mtu kitini, hakuna anayeligusa. Kisha nikarudi nyumbani kunywa chai. Baada ya chai nikajinyoosha kidogo. Nilipofika tena maktaba ilikuwa saa saba mchana.

Sweta lilikuwapo. Kamusi alikuwa kiti cha pili, akiandika. Alinieleza, bila kuinua macho, kwamba sweta langu limetulia sana leo, na kama litaendelea hivyo litafaulu. Watu wawili walicheka. Nimeondoka na sweta langu. Kwa hesabu ya haraka limehudhuria maktaba saa sita, mimi dakika nne.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Pigo. Saa kumi alasiri baba aliingia chumbani kwangu akipapasa ukuta, akiburuza kiti chake cha mbao. Akasema sebuleni cherehani inamchosha, atakaa hapa kimya, mimi niendelee.

Sikuwa nimeanza. Nikafungua kitabu nikawa nafunua kurasa, moja baada ya nyingine, ili asikie. Baada ya dakika kumi akaniuliza nimefika wapi. Nikasema sura ya tatu. Akasema mtu anayesoma hukwama mahali, hurudi nyuma, hukohoa. Kurasa zangu zinakwenda kama saa ya ukutani.

Nikanywea. Akaniambia nisome kwa sauti, kwa kuwa yeye macho yake hayafiki tena kwenye maandishi madogo. Nikasoma kurasa mbili kuhusu udongo unavyoshika maji. Kisha akaniamuru nisimame, nikipe kitabu mgongo, nimtajie nilichochukua.

Lazima nieleze. Baba alikuwa mtunza stoo ya mabomba na koki kwa miaka thelathini na moja. Kwake hakuna fundi aliyetoka mlangoni kabla ya kuzipa rafu mgongo na kutaja alichobeba, kimoja kimoja. Alichokisahau kinarudi rafuni. Mafundi walimnung'unikia miaka yote hiyo, na stoo yake haikupotelewa hata na nati.

Katika kurasa mbili nilitaja mambo matatu. Baba akasema mengine yote yamerudi rafuni, tuanze upya. Saa nzima! Na amesema atakuja kila siku saa kumi. Saa hiyo ilikuwa ya zambarau. Imenibidi nitafute penseli, niipake kijivu na kuandika pembeni: Usumbufu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kijivu tena. Baba alipata habari, kutoka kinywani mwangu mwenyewe, kwamba mtihani una sehemu ya vitendo, ambapo tunapangiwa makopo sita ya udongo na kila mtu anataja aina yake. Akataka nilete udongo. Nikaleta makopo matatu: mfinyanzi kutoka bondeni kwa wafyatua matofali, tifutifu kutoka bustani ya chuo, kichanga kutoka kwenye rundo la wajenzi jirani. Niliona ni njia nzuri ya kumchosha.

Alitia maji kidogo, akafinya, akasokota kwa vidole kama kamba. Wa kwanza ulisokoteka, akaupinda ukawa pete, haukupasuka. Akasema huu ndio ule mfinyanzi wa kitabuni. Wa pili ulisokoteka lakini ulikatika ulipopindwa. Tifutifu. Wa tatu ulimwagika tu. Akasema huyu hana ndugu. Nikachanganya makopo, nikayazungusha, nikayaficha nyuma yangu nikampa tena. Hakukosea hata mara moja.

Kisha akanifunga macho kwa leso yake. Nilikosea mara nne mfululizo. Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya wake, tukasokota pamoja. Vidole vyake ni vigumu na vina joto. Sijashikwa mkono na baba tangu tulipomzika mama. 

Zambarau: sifuri. Njano: sifuri. Nimechelewa mno kwenye ratiba.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Naandika haya kwa shida.

Kamusi alitangaza kwamba leo saa kumi atafundisha kikundi darasani kuhusu rutuba ya udongo. Nilitaka niende, nimwulize swali gumu mbele za watu. Lakini saa kumi ni ya baba. Nikakumbuka maktaba. Nikaliweka sweta langu kwenye kiti changu, mikono juu ya meza, kitabu wazi mbele yake. Macho ya baba pale mlangoni hayatofautishi. Nikatoka kupitia dirishani.

Swali langu Kamusi alilijibu kabla sijalimaliza.

Niliporudi saa kumi na moja na nusu baba alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake, mkono wake umeshika mkono wa sweta. Nikajikohoza. Akasema sura ya tano haikutajwa leo. Nikamwuliza alijua saa ngapi. Akasema tangu alipoingia, kwa sababu sweta halihemi. Nikamwuliza kwa nini basi alikaa. Akasema saa ile ni ya watu wawili, na yeye alikuwa ameshafika.

Aliinuka, akakosa mlango mara moja, akaupata mara ya pili. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Dada amesikia yote. Hanisemeshi.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Dada bado amenuna. Ameweka simu yangu mezani bila neno, ufunguo juu yake. Sikuichukua. Hii ni nidhamu, nadhani, au ni woga.

Baba alikuja jana na leo saa kumi kamili kana kwamba hakuna lililotokea. Tulisoma sura ya tano na ya sita. Niliipa mgongo meza nikataja mambo kumi na saba. Mawili tu yalirudi rafuni. Baba aliniuliza kwa nini mfinyanzi unashika maji kuliko kichanga na bado mmea huweza kunyauka juu yake. Sikujua. Tukatafuta. Tulipopata jibu, kwamba maji yameshikwa mno na mizizi haiwezi kuyang'oa, alikunja leso yake. Kisha akasema aliwahi kuwa na bosi wa namna hiyo.

Alinikanyaga mguu akitoka. Alisema hakuuona. Kwa kawaida akinikanyaga hucheka, safari hii hakucheka.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mtihani. Dada alininyooshea kola vizuri bila kunisemesha.

Swali la kwanza lilinitia butwaa, kichwa kikawa cheupe. Bila kukusudia nikageuka kitini, nikaipa karatasi mgongo, nikaanza kutaja kwa midomo. Msimamizi akaja mbio akiuliza namwangalizia nani. Nikamwambia natazama ukuta. Akautazama ukuta. Haukuwa na kitu. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana, nataja bidhaa nilizobeba. Aliniacha, ila alisimama karibu nami hadi mwisho. Swali la nne lilikuwa lile la mfinyanzi na mmea kunyauka. Karibu nimwandikie mwalimu habari za yule bosi.

Kwenye vitendo wengine waliyainamia makopo wakitazama rangi. Mimi nilifumba macho. Nilisokota polepole. Sikuwa peke yangu pale, ndivyo nilivyohisi, na sijui niliseme vipi zaidi ya hapo.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

NIMEFAULU. Sitini na moja!

Mwalimu wa udongo alisema mbele ya wote kwamba aliyepatia makopo yote sita ni mmoja tu, akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeimba. Kamusi ana themanini na nne, lakini alikosa kopo moja. Nilimpa pole kwa sauti ya kutosha.

Nilimkuta baba sebuleni. Nikamwambia. Alinyoosha mikono akanipapasa mabega, akashuka hadi viganja, kisha akarudi mabegani, kama anayepima. Akamwambia dada joho litahitaji kupunguzwa urefu. Dada akasema ameshaona, akanisemesha na mimi pia, akaniita mpumbavu, kwa upendo. Baba aliuliza Novemba iko umbali gani. Tukahesabu miezi. Akasema vizuri, hata kama hataona atanishika.

Nilienda chumbani nikalia. Sina rangi ya kisanduku hicho.

Jumanne, tarehe 25 Machi

Mtu makini hajipigi kifua, hujitathmini. Nimeibandua ratiba ukutani nikahesabu alama za vema.

Zambarau: sifuri. Njano: sifuri. Kijani: sifuri. Nyekundu: mbili. Bluu: zote. Kijivu: tisa kati ya kumi.

Nimekaa nayo muda mrefu, na ukweli umejitokeza wenyewe. Muda wangu wote uliliwa na kijivu. Nimepata sitini na moja huku nikisumbuliwa kila siku saa nzima! Bila usumbufu, kwa zambarau tupu, ni nani angenishika? Kamusi angekaa kiti cha pili maisha yake yote.

Kwa hiyo ratiba mpya. Somo linalofuata ni Magonjwa ya Mimea, gumu kuliko udongo, kitabu kinene kama tofali. Rangi nane safari hii. Kijivu hakimo.

Nimemwambia baba kwa heshima zote kwamba sasa apumzike, amefanya vya kutosha, saa kumi aitumie kulala. Akasema sawa. Akauliza kitabu kipya kinaitwaje. Nikamtajia, pamoja na sura zake kumi na mbili. Akanigeuzia mgongo akazitaja zote, moja moja, bila kukosa hata moja.

Sasa hivi ni saa kumi. Nasikia kiti chake kikiburuzwa ukumbini kuja huku. Amesahau tulivyokubaliana, uzee huo. Nami sina rangi ya nane na duka la vifaa linafungwa saa kumi na moja, kwa hiyo natokea dirishani. Sweta nimeliacha kitini, ili asikae peke yake.