Halmashauri ya Kutuliza Matumbo

Ngo, ngo, ngo. Debe lilisikika kwanza, huko nyuma ya migomba, likigongwa kwa mpigo wa kiserikali, yaani polepole na bila huruma. Wanawake waliokuwa kisimani wakasimamisha ndoo zao. Kisha akatokea Boga, karani, na debe lake. Na nyuma yake, hatua saba kamili, akatokea Mwidani, kwa kuwa mtu mwenye cheo hatangulii sauti yake.

Mwidani alikuwa na miaka ishirini na mitatu, kofia mpya, na cheo alichokipenda kuliko chakula: Katibu Mwenezi wa Halmashauri ya Kutuliza Matumbo, Likoni na Vitongoji Vyake. Ulikuwa mwaka wa arobaini na nne. Vita vilikuwa Bama, ng'ambo ya bahari, lakini kuhara kulikuwa Likoni, na Mwidani hakuwa na shaka ni vita gani vilivyomhitaji yeye. Kutangaza kwa maneno ya kawaida angeweza mtu yeyote. Yeye alilitia tangazo vina, akalisoma kidevu kikiwa juu:

*Kuhara ni ukaidi,*
*ewe mwili jitahidi;*
*bila cheti na shahidi*
*usiende kichakani.*

"Ati mtu akibanwa aje kwako kwanza?" aliuliza Nyevu, mke wa kuli wa bandarini, mwenye mtoto mgongoni.

"Kwa mujibu wa kifungu cha kwanza. Afike afisini na mashahidi wawili."

"Na tumbo lenyewe litangoja?"

"Litaelimishwa."

Kifungu cha pili kilimkataza mgonjwa kunywa chochote. Halmashauri, baada ya vikao vitatu, ilikuwa imegundua kwamba kinachotoka chini kimeingia juu. Basi ukifunga juu, chini kutakosa la kufanya. Kifungu cha tatu kilihusu Choo cha Mfano. Hiki kilijengwa mlimani, juu ya kisima, kwa sababu pale ndipo Bwana Mkubwa, mzungu wa wilaya, angekiona akitoka kivukoni bila kushuka motokaa. Kilipakwa chokaa, kikatiwa kufuli. Wagonjwa na raia wengine hawakuruhusiwa kukitumia, wasije wakauharibu mfano. Walikitumia wanahalmashauri peke yao, wote tisa, kwa bidii.

Tangu kijengwe, miezi miwili tu, wagonjwa walikuwa wameongezeka kutoka wanne hadi thelathini na mmoja. Mwidani aliandika katika ripoti kwamba hiyo ni dalili ya raia kuitikia mwito.

Siku ya tatu baada ya tangazo, mtoto wa Nyevu, Kache, wa miezi kumi, alianza kuhara. Siku ya tano Mwidani alikwenda nyumbani kwa Nyevu kukagua kama kifungu cha pili kinafuatwa. Alimkuta Mwanasaumu, mkunga wa siku nyingi, ananawa mikono kwa majivu maana sabuni ilikuwa adimu. Kando yake palikuwa na bakuli la uji mwepesi wa mchele, umetiwa chumvi kidogo sana. Kache alikuwa amelala mapajani mwa mamaye. Macho yalikuwa yamezama. Alilia, lakini halikutoka hata tone la chozi.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwidani. "Huyu mtoto anakaribia kuvunja sheria."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtoto anakaribia kufa." Mwanasaumu akatia kijiko cha kwanza. "Jana kutwa hakupewa titi wala maji, kwa ajili ya shairi lako."

"Bwana Mwidani, mimi niliogopa sheria," alisema Nyevu. "Nimezika mmoja. Sina wa pili ila huyu."

Mwidani alikohoa. "Mkimnywesha atahara tena."

"Na ahare," alisema Mwanasaumu. "Mradi yaingiayo yayashinde yatokayo. Maji yamemwisha mwilini, nami nayarudisha, kijiko kijiko. Na titi anyonye. Wewe kaa hapo nikwambie jambo. Wanaochota kisima cha msikiti, wazima. Wanaochota chini ya choo chenu, wote waugua matumbo. Likoni hii mawe yake yana matundu. Mkimwagacho juu, chateremka."

"Mbona sisi wanahalmashauri hatuugui?"

"Nyinyi mwanywa chai toka asubuhi hadi jioni. Chai si maji yaliyochemka?"

Mwidani alitoa daftari akaandika: *Bibi mmoja ametoa maoni yasiyo na muhuri.*

Lakini maoni yale yalienea hata bila muhuri. Basi Alhamisi, Bwana Mkubwa alipokuja na motokaa yake ikasimama njiani, Mwidani aliona afanye tendo litakalonyamazisha watu. Alichota kata ya maji ya kisima cha chini ya choo, akaiinua juu, akanywa yote kwa niaba ya serikali. Bwana Mkubwa alipiga makofi. Yeye alipokaribishwa kata yake, alisema ana haraka.

Jumamosi asubuhi Mwidani aliingia afisini akitembea kama mtu aliyebeba mayai.

"Boga. Cheti."

"Mashahidi, Bwana Katibu?"

"Boga, ni mimi."

"Ndiyo maana nataka nisikosee. Ulisema tusitazame sura ya mtu."

"Basi nipe ufunguo wa choo."

"Kifungu cha tatu, bwana. Mgonjwa hakanyagi pale." Boga alifungua daftari. "Jina la baba?"

Yaliyotokea kati ya mlango wa afisi na kichaka hayakuingizwa katika ripoti, ingawa mashahidi sasa walizidi wawili.

Kufikia adhuhuri hakuweza kusimama. Wanahalmashauri walifika kumjulia hali, wakaondoa mtungi chumbani kwa mujibu wa kifungu cha pili, wakaketi mlangoni kumlinda asinywe. Waliagiza chai. Mwidani alisikia inavyomiminwa. Ulimi ulikuwa umekauka kinywani, miguu imemkaza, na kwa mara ya kwanza tangu apate cheo alimwomba mtu kitu bila kutaja kifungu. "Maji," alisema. Boga alimjibu kwa heshima kwamba ombi limepokelewa.

Alasiri alikuja Mwanasaumu na sufuria, na Nyevu nyuma yake amempakata Kache.

"Bibi, una idhini?" aliuliza Boga.

"Nina uji. Ondokeni mlangoni."

Halmashauri haikuwa na kifungu chochote kuhusu bibi mwenye sufuria, ikapisha.

Mwidani alinyweshwa kijiko kijiko, kama mtoto. Kache, pembeni yake, alikiona kijiko kinakwenda kwa mtu mwingine, akalia kwa hasira. Na safari hii machozi yalitoka, mengi, yakateremka hadi shingoni. Nyevu aliyaangalia muda mrefu bila kuyafuta.

"Bwana Mwidani," alisema, "watu bado wachota pale chini ya choo. Hata sasa hivi. Utafanyaje?"

Mwidani alitafuta kifungu cha kujificha nyuma yake, hakukipata. Aliinuka kwa kiwiko, wanahalmashauri tisa kasoro yeye wakimsikiliza na vikombe mkononi.

"Mama Kache," alisema kwa sauti iliyofika mlangoni, "mimi ndiye niliyewaharisha. Nikipata nguvu ya kusimama, inshallah, nitakifukia kile choo kwa jembe langu, na kisima kile nikizibe. Vyoo tutavichimba kule bondeni, mbali na maji ya mtu, wala havitakuwa na kufuli. Na mpaka kisima kipya kipatikane, kila asubuhi nitakuletea maji ya kule msikitini, mtungi kichwani kwangu, nipite nao mchana kweupe mbele ya wanaume wote wa Likoni, nikuchemshie mwenyewe."